Kiatu cha Bi Mkubwa

3 Machi

Mwanangu mpendwa,

Hujambo? Na wagonjwa wako wa vidonda, wanaendeleaje? Mimi mzima kama chuma, ingawa kiti cha ndege kimenikunja kama mkeka.

Hapa kituo cha tembo, kila anayejitolea huja na sadaka yake. Wengine wameleta dawa, wengine blanketi. Mimi nimeleta ngozi, sindano na mikono hii. Walinicheka: fundi viatu kwa tembo! Kisha wakanionyesha Bi Mkubwa, jike mzee aliyeumizwa unyayo wa mguu mmoja wa mbele na mtego. Kidonda hakifungi kwa sababu anakikanyaga kutwa. Nilipopiga magoti kumpima, alininusa kutoka kisogoni hadi viatuni, akakawia kwenye mguu wangu wa kushoto. Sijui alitafuta nini.

Baba yako

15 Machi

Baba,

Shikamoo. Huku tu wazima, ila hasira yangu haijaisha, sikufichi. Zahanati imejaa watu wanaotembea peku, nawe umebeba ngozi yote kumpelekea mnyama! Wenzangu wananiuliza kama umerukwa na akili. Nimewaambia waniachie baba yangu.

Lakini swali limenikaa kichwani tangu juzi. Kidonda kiko upande wa vidole au kisiginoni? Na tembo hukanyagia wapi hasa? Angekuwa mtu, ningetaka kiatu kisikiguse kabisa: toboa soli ya ndani mahali pa kidonda, uzito ubebwe na pembeni. Anasikia maumivu? Anayesikia ana nafuu. Wanaonitisha ni wasiosikia.

Na sukari yako? Unakagua nyayo kila siku?

Mwanao

28 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Mimi buheri wa afya, ondoa shaka.

Kidonda kiko kisiginoni. Daktari wa wanyama ananiambia tembo husimama kwa ncha za vidole, na kisigino chake ni mto wa mafuta. Yaani bibi mzito vile amezaliwa na viatu vya visigino virefu!

Kiatu cha kwanza alikivua kwa mkonga akakitumbukiza kwenye maji ya kunywa. Cha pili alimpa mwenzake, wakakitafuna kwa zamu. Cha tatu nimekitoboa ulivyosema. Akainua mguu, akaushusha taratibu, kama mtu anayejaribu joto la maji ya kuoga.

"Anafikiri," nikamwambia mtunzaji wake.

"Anakuonea haya tu, mzee. Kesho atakitupa."

Hakukitupa.

Baba yako

2 Mei

Baba,

Shikamoo. Hii ni barua ya tatu bila jibu. Kimya kingi kina mshindo. Niandikie hata mstari mmoja.

Mwanao

11 Mei

Mwanangu,

Marahaba, na uniwie radhi. Nilikuandikia kwamba mimi ni mzima kwa kuwa ndivyo barua zinavyoanza. Kabla sijasafiri nilikanyaga msumari kwenye karakana. Sikuusikia. Nilipouona nikakuficha, maana ungenizuia safari.

Bi Mkubwa kila asubuhi alipeleka mkonga palepale kushoto, hadi mtunzaji akasema, "Mzee, hebu vua." Nikagoma. Akasema, "Mnyama kakupa mguu wake, wewe wako unauficha?"

Nikavua. Nipo hospitali ya mjini tangu mwanzo wa Aprili. Vidole viwili vimekwenda, mguu upo. Bi Mkubwa sina habari zake, na hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Baba yako

24 Mei

Baba,

Shikamoo tena, ingawa asubuhi tu nimekuacha wodini ukimgombeza muuguzi. Nakuandikia kutoka kituoni. Dereva wao atakuletea karatasi hii kabla ya chakula cha jioni, maana najua hutakula bila habari.

Nimewakabidhi bandeji. Wenzangu waliochanga ni walewale waliodhani umerukwa na akili, na sasa wanataka picha ya unyayo.

Kiatu chako kimechakaa soli, Baba, kwa kutembea. Wanasema Bi Mkubwa amekwenda nacho mpaka mtoni na kundi lake. Nimekiona kidonda: kikavu, chekundu safi, kingo zimeanza kukutana. Nimekipima mara mbili, sikuamini.

Nikaomba nimfunge bandeji mwenyewe. Mtunzaji akanitazama, akauliza, "Wewe ndiye wa tundu kwenye soli?" Nikapiga magoti. Niliogopa, sikudanganyi; akili zote zilinihama. Nilikuwa sijui hata nimwambieje ainue mguu.

Akauinua mguu mwenyewe, akauweka juu ya kigogo mbele yangu, akangoja.

Mwanao