Pweza Niliyempiga Busan

Ruwi, Maskati

Dada yangu Mize,

Assalaam alaykum. Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu simu zangu hupokei, wala sikulaumu. Barua hii anakuja nayo mtoto wa jirani yangu, anarudi Unguja Ijumaa, na ameniapia ataiweka mkononi mwako. Vipi mguu? Bado unavimba ukikaa sana? Na yule kuku wa kishungi wa mama, anataga bado au mmeshamla? Mimi mzima wa mwili. Nashona mabuibui palepale dukani kwa Bi Thuraya, na chumba changu kina joto lilelile ninalokulalamikia kila mwaka.

Mwanao Haji kaniambia umeiona ile video. Anasema uliitazama mara moja, ukamrudishia simu yake, ukaenda kuchota maji na mapipa yote yamejaa. Hapo nilijua. Hukusema neno, lakini nalisikia kutoka huku: hakuja kumzika mama, kaenda Korea kucheka na pweza.

Dada, kucheka kweli nilicheka. Sikatai. Lakini video ni fupi, na kuna jambo sijakwambia tangu siku ya maziko. Nivumilie nianze mwanzo.

Zuwena, binti wa Bi Thuraya, unamjua kwa sauti. Ndiye yule anayekusalimu simuni kwa Kiunguja cha bibi yake. Ana wazimu wa tamthilia za Kikorea. Yeye na rafiki yake Rahma walipanga kwenda siku tano Busan, mji wa bandari huko Korea, kula na kutembea usiku kama wanavyoona kwenye televisheni. Tiketi yangu ilikuwa zawadi, kwa sababu nilishona nguo zote za harusi ya dada yake. Walipanga mama yu hai. Alipofariki nikasema siendi. Zuwena akaja chumbani, akanikuta nimelala na taa imezimwa saa tisa ya mchana, akaniambia, "Kazija, ukikaa humu nawe tutakuzika. Vaa viatu." Nikaenda kama mzigo unavyokwenda.

Huko, dada, kila kitu kilinipiga butwaa. Choo cha hoteli kina kiti cha moto. Nilikaa nikaruka, nikadhani kuna mtu ametoka sasa hivi. Zuwena yuko nje ya mlango: "Kaa tu, hakiunguzi!" Usiku barabara zinawaka kama mchana, watu wazima wamejifungia kwenye vyumba vidogo wanaimba peke yao, na wala si harusi. Msichana ameacha simu yake juu ya meza ya mkahawa kushika nafasi, kaondoka, karudi, kaikuta. Tulikula maandazi bapa yaliyojaa mbegu na sukari ya moto, nikaungua ulimi. Nilikuwa natembea kati ya vyote hivyo, sikusikia njaa wala shibe.

Jioni ya pili tukaingia soko la samaki. Pale pua yangu ikatambua kabla ya macho. Wanawake wa umri wetu, mabuti ya mpira, mikono myekundu kwa maji ya chumvi, wanaitana na kutukanana kwa mapenzi kama akina mama wa pwani yetu. Tukakaa kwenye meza ya mmoja wao, mfupi, mpana, mkali. Rahma akaagiza kwa kumwonyesha picha. Yule mama akatoa pweza mdogo mzima ndani ya beseni, akamkatakata hapohapo, akamwagia mafuta ya ufuta, akatuwekea.

Dada, vipande vilikuwa vinatembea. Vimeshika sahani. Rahma anavuta kimoja, nacho kinavuta sahani.

"Yallah, Kazija, wewe mtoto wa pwani, anza!"

"Huyu hajafa."

"Ndio utamu wake, wallahi. Ndivyo wanavyomla."

"Rahma. Huyu hajafa."

Unakumbuka siku nilipomtia pweza kapuni mzima, nikakimbilia kucheza? Sijafika miaka minane. Mama aliniita kutoka mwambani mpaka watu wakageuka. Hakunipiga. Alinishikisha gongo lake, akaniambia, "Umemtaka mwenyewe. Basi mpumzishe kwanza, ndiyo uende." Akasimama juu yangu mpaka nikamaliza kumpiga nikihesabu arubaini, alainike.

Sasa yule mama wa sokoni alikuwa anamtoa pweza mwingine, mkubwa, kwa meza ya jirani. Akamponyoka, akaanguka sakafuni, akaanza kujivuta kuelekea kwenye mfereji. Mimi sijui nilisimama saa ngapi. Nilijikuta nimepiga magoti, buibui nimelipandisha, nimeshampindua kichwa, nampiga kwenye saruji. Moja, mbili, tatu, kwa sauti. Maji yananirukia usoni. Watu wakaanza kupiga makofi kila ninapopiga, wakihesabu kwa lugha yao, nami nikacheka, maana mkono ulikuwa unajua kazi na mimi mwenyewe sikuwapo. Hiyo ndiyo video. Rahma aliirusha mtandaoni bila ubaya, na ameshaifuta kwa aibu.

Sehemu iliyokatika ni hii. Yule mama alinishika mkono akanifokea. Yule pweza alikuwa ameagizwa mzima, nami nimemharibu. Zuwena akawa anainama na kuinama, anaomba radhi kwa Kikorea chake cha tamthilia, akasema tutamnunua sisi. Yule mama akamwokota. Akaubonyeza mguu mmoja kwa kidole gumba, akauona umelainika. Akaenda kumchemsha, akamkata, akala kipande cha kwanza mwenyewe amesimama, kisha akaniangalia na kunielekeza sakafu kwa kidevu, kama anayesema, haya, piga na wengine. Watu wakacheka tena.

Akasema kitu. Zuwena akaiweka simu yake katikati yetu itafsiri. Simu ikauliza, "Nani alikufundisha?"

Nikasema, "Mama."

Ikauliza, "Yupo?"

Dada, watu wote wa Ruwi walikuja kunipa mkono wa pole, nikawajibu kazi ya Mungu, nikawapa kahawa na halua. Hakuna aliyeniuliza hivyo. Nikaiambia ile simu, "Hayupo. Na alipokufa mimi sikuwapo." Nikalia pale, mikono inanuka pweza, mpaka yule mama akaja kunifuta uso kwa aproni yake iliyolowa.

Sasa lile ambalo sijakwambia. Nilikudanganya niliposema ndege zilijaa. Zilikuwako. Pasipoti yangu haikuwa kwangu, ilikuwa inasubiri viza ya Korea. Zuwena na Rahma ni Waomani, wao hawakuhitaji. Mimi nilihitaji. Mama anakoshwa, na pasipoti yangu iko ofisini kwa ajili ya safari ya kula na kutembea. Ilitoka siku ya tisa ya msiba. Ningeweza kuja. Niliona haya nikifika utaifungua na kuiona ile viza, nikakaa kimya, na kimya hicho ndicho kilichonipandisha ndege nyingine.

Basi. Nimesema.

Nisalimie Haji, mwambie sikumkasirikia kwa kukuonyesha. Nisalimie shangazi Bi Mwaka, mliyesaidiana naye kumkosha mama. Nisalimie na mwalimu wa chuoni aliyemsomea mama talkini kaburini mimi nikiwa huku.

Nimekata tiketi ya mwezi ujao. Pasipoti iko chini ya mto wangu. Siombi unipokee. Lakini gongo la mama, lile la mkoko lililolika upande mmoja, nadhani bado liko nyuma ya mlango. Kama hutaki kuniona, litoe nje. Nitalichukua nishuke nalo pwani bila kubisha hodi, na usiku nitalala kwa Bi Mwaka. Kama unanitaka, liache hukohuko ndani, nije nikuulize liko wapi, kama nilivyokuwa nikimuuliza yeye.

Mdogo wako,
Kazija