Choo Kimeacha Kukoroma

Jumamosi, Bariadi

Kimya kabisa! Hakijakoroma.

Choo hiki cha ndani nilikijenga mwenyewe kwa ajili ya magoti ya mama mkwe. Lakini kila akimwaga maji kilikoroma mpaka sebuleni, na harufu juu. Akaona aibu mimi mkwewe kusikia, akarudia kile cha nje, gizani na tochi. Nilikuwa nahofia ataanguka.

Kosa langu mwenyewe, sikuweka bomba la hewa. Leo nimeliweka, nikalipandisha mpaka juu ya bati.

Jioni mke wangu akamwambia mama yake, "Mayu, jaribu tena." Akaingia. Sebuleni nikazima redio, nikatega sikio. Wapi!

Akapita bila kunitazama, heshima ya ukwe. Kisha nikamsikia chumbani akimwambia bintiye, "Hii tochi ichukue, sina kazi nayo."