Mto Wangu Umejaa Vitambaa vya Kazini

Mshauri mpendwa, naomba msaada, na tafadhali unijibu kabla ya Ijumaa ijayo, maana Ijumaa ndiyo yenyewe. Mimi ni msimamizi wa karakana ya kushona sare za shule, wafanyakazi thelathini na mmoja, na mke wangu ni mmoja wao, yuko meza ya kukata. Msimamizi aliyenitangulia alikuwa mzee mpole kupita kiasi, kutwa kuokota vipande vya vitambaa sakafuni na kumwuliza mkataji, "Hiki kingeweza kuingia wapi?" kisha wanakaa wanakigeuzageuza kama hawana kazi, na mimi nikaona haya ni maongezi tu, uongozi uko wapi. Alipostaafu vipande vikaongezeka, sijui kwa nini, tukawa tunavichoma nyuma ya jengo, zahanati ya jirani ikalalamikia moshi, makao makuu wakaniandikia nipunguze taka. Nikanunua mizani. Nikatangaza kila mtu ana sanduku lake, na ambaye sanduku lake litazidi nusu kilo kwa wiki atasimama Jumatatu asubuhi mbele ya wenzake ajieleze. Wa kwanza kusimama alikuwa mkataji mmoja, mama mtu mzima, akalia, nikamwambia mazingira hayasafishwi kwa machozi.

Mshauri, wiki ya tatu masanduku yote yalikuwa matupu, hata uzi hakuna. Mtu mwenye akili zake angejiuliza sare zinakatwaje bila kubaki kipande, lakini mimi nilikuwa naandika ripoti. Makao makuu wakanipa cheti, nikakitundika juu ya mizani, na Ijumaa mkurugenzi anakuja na wasimamizi wa matawi mengine tisa wajifunze mbinu zangu, na nimedokezwa kwamba nitapewa cheo cha kuwasimamia wote.

Sasa shingo. Miezi miwili inaniuma, daktari akaniuliza nalalia mto gani, nikarudi nyumbani nikautazama na kweli ulikuwa umepanda, nalala kama mtu aliyekaa. Nikaufumua. Ndani kulikuwa na vitambaa vya bluu vya sare, na kola mbili. Nikamwita mama watoto, akaja anajifuta mikono, akasema, "Ulitaka nivipeleke wapi?" Nikamwuliza kwa nini hakuniambia. "Nikuambie wapi? Kazini unapima. Nyumbani unasema mambo ya kazini tuyaache kazini." Kumbe wanabeba wote, kwenye mikoba, kwenye vyombo vya chakula, na asiye na mto wa kujaza anachoma uani kwake, kwa hiyo moshi ni uleule, umegawanywa tu nyumba kwa nyumba. Akaongeza kwamba wakataji wanajua namna ya kupanga vipimo ili kitambaa kisibaki, waliitafuta pamoja na yule mzee, ila mpangilio haubadilishwi bila ruhusa ya msimamizi, na nani aje kuniambia mimi. Tangu siku hiyo ananijibu "ndiyo, bosi" hata mezani, mbele ya watoto, na hilo linaniuma kuliko shingo. Je, ninyamaze Ijumaa ipite, au niseme nikose cheo na aibu juu?

Msimamizi, Shingo Upande

*

Msimamizi, pole kwa shingo. Kwa mengine sikupi pole.

Ulikabidhiwa watu wanaojua kazi yao, ukawafundisha kuficha. Yule mzee alikuwa akiuliza swali halafu anangoja jibu, na watu walimwona yeye mwenyewe akiinama kuokota, nao wakainama. Wewe umeinama mara ngapi tangu ununue mizani? Anayemwogopa bosi atahakikisha bosi haoni taka, basi, kwake kazi imeisha. Na jibu la tatizo lako lote ulikuwa unalala nalo kitanda kimoja.

Ukinyamaza, Ijumaa wasimamizi tisa watarudi kwao kila mmoja na mizani yake. Hebu hesabu mito.

Fanya hivi. Leo jioni mwombe mkeo msamaha, na neno "lakini" lisikutoke. Kesho mpigie mkurugenzi umwambie masanduku yalikuwa matupu kwa sababu mikoba ilikuwa imejaa. Cheo unaweza kukikosa, sikudanganyi. Ila mwombe wageni waje vilevile, wasimame kwenye meza ya kukata, na wa kuwaeleza awe yule mama uliyemliza, kama atakubali. Wewe siku hiyo okota vipande. Ukiona kimoja hukielewi, uliza, halafu funga mdomo mpaka amalize.

Cheti kishushe ukutani. Mizani iache kwanza, ina kazi moja imebaki. Jumatatu hii, kabla wageni hawajafika, nenda na mto wako kazini, simama palepale unapowasimamisha wenzako, uuweke juu ya mizani kila mtu aone.

Ukizidi nusu kilo, jieleze.