Glavu Tuliyoisikia Sote

Walthamstow, London
Jumanne asubuhi

Kwako mdogo wangu Douglas,

Kosa wanalofanya watu wengi wakiitwa kuketi kwenye jopo la mahakama ni kudhani kwamba wakimtazama mtu sawasawa watajua kama anasema uongo. Nimeanza na kosa kabla ya salamu, na mama angekuwa hai angenirudisha mlangoni niingie upya. Basi, hujambo? Daisy na watoto hawajambo? Goti lako limepoa, au bado linakusumbua ukishuka kwenye basi? Mimi ni mzima. Naenda sokoni na kurudi kwa miguu, na daktari anasema presha yangu ni ya msichana, ingawa aliyasema hayo akitazama kompyuta.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu hukunipa nafasi. Ulisema umeletewa barua ya kukuita kwenye jopo, na kwamba unatafuta sababu ya kukataa, maana hizo ni kazi za wenye nchi. Kisha, kabla hujavuta pumzi, ukasema wakikulazimisha utawamalizia kesi asubuhi moja, kwa kuwa miaka kumi na tisa ya kuendesha basi imekufundisha kumjua mwongo kabla hajafungua mdomo. Nilicheka. Lakini Daisy alishanihadithia habari za yule kijana mwenye tai aliyekutazama usoni bila kupepesa, akakuambia kadi yake ya nauli imeharibika, ukampakia bure wiki nzima. Wiki hiyohiyo ulimshusha mama mmoja kwa sababu alipekua mkoba huku mikono ikimtetemeka. Kadi alikuwa nayo.

Acha nikueleze, na unajua nikianza kueleza sinyamazi upesi. Huku jopo halichaguliwi kama kwenye filamu za Marekani, mawakili wakimhoji kila mtu habari za nyumbani kwake na kanisani kwake. Majina hutolewa kwa bahati. Karani huchanganya kadi zenye majina ya raia wa kawaida, husoma majina kumi na mawili, watu hao huapa, na kesi huanza; mwishoni wao ndio huamua kama mshtakiwa ana hatia. Hakuna anayewauliza wamelelewa vipi. Kila mmoja anaingia na mazoea yake ya kuwatazama watu, na anayatumia.

Unakumbuka kwamba nilipoacha kufundisha nilifanya kazi ya ukalimani mahakamani. Miaka sita iliyopita nilipangiwa kesi ya kijana wa Bukavu, Kongo, aitwaye Aristide, mwenye miaka ishirini na mbili, mfanyakazi wa usafi katika makao ya wazee. Alishtakiwa kwamba ameiba pete ya ndoa ya bibi mmoja aliyeishi hapo. Asubuhi ya kwanza tulikutana kwenye korido. Aliinamisha kichwa, akanisalimu jambo sana mama, na macho yake hayakupanda juu ya viatu vyangu. Nikajiambia kwamba huyu amelelewa. Wewe na mimi tulifundishwa hivyohivyo. Hukuthubutu kumkodolea baba macho hata alipokuwa anakusifu.

Tukaingia ndani. Kazi yangu ilikuwa kukaa kando yake kizimbani na kumnong'oneza kwa Kiswahili kila kilichosemwa, kisha kuyasema majibu yake kwa Kiingereza. Aliyajibu maswali yote kichwa kikiwa chini. Alipoulizwa kama aliichukua pete, alisema hapana, akiiambia sakafu. Mwendesha mashtaka, mwanamke mwenye sauti ya upole, alimwomba awatazame wanajopo anapojibu. Aristide aliinua macho kidogo, akaona wanaume watatu wenye mvi, akayashusha. Tena akatabasamu, kama wanavyofanya vijana wetu wakiona aibu. Mwanamume mmoja wa mstari wa nyuma akakunja mikono.

Nami nilikuwa nawasoma wanajopo, kama wewe unavyowasoma abiria. Nilimwona mwanamke wa mstari wa mbele akimwangalia kijana kwa huruma siku zote tatu, nikahesabu kwamba huyo yuko upande wake. Siku ya hukumu ndiye aliyesimama kama msemaji wao na kutamka kwamba ana hatia.

Aristide alikaa gerezani miezi minne. Mwaka uliofuata bibi yule alifariki, na mjukuu wake, alipokuwa anazikunjua nguo zake azipeleke duka la hisani, linalouza vitu vya kutolewa msaada, akatikisa glavu za sufu. Pete ilikuwa ndani ya kidole cha glavu. Mjukuu alikuwa mtu mwema; aliipeleka polisi siku hiyohiyo, na baada ya muda mrefu hukumu ile ikafutwa.

Sasa nakuja kwenye jambo ambalo sijamwambia mtu wa nyumbani. Mkalimani akiona mahakama inaelekea kukosea kwa sababu ya desturi, anaruhusiwa kumwomba jaji nafasi, aseme kwamba hapa pana jambo la desturi linalohitaji kuelezwa. Basi, sentensi moja tu. Nilikuwa nayo mdomoni siku ya pili, nikaimeza, na wala si kwa woga. Nilikaa kimya kwa sababu mimi pia nilishaamua kwamba ameiba. Kichwa kilekile nilichokisifu koridoni, nilipokiona kizimbani nilikiita hatia.

Na lipo lingine. Bibi alipotoa ushahidi alisema kwamba siku ile alitoka bustanini na baridi, akaketi, akavua glavu, na baadaye kidogo akaona kidole chake ni kitupu. Aliyasema mbele yetu sote. Mimi mwenyewe nilimnong'oneza Aristide neno hilo, glavu, kwa mdomo wangu huu. Hakuna aliyelifuata, kwa sababu tulikuwa tunamtazama kijana atashtuka vipi.

Mwezi uliopita nilimtafuta Aristide kupitia kanisa la Wakongo. Nilibisha hodi kwake, na kabla hajafungua aliniita mama mkalimani. Alisema uso wangu hakuwahi kuuona vizuri, alinijua kwa sauti. Nilimweleza yote haya nikiwa nimesimama. Alisikiliza mpaka mwisho, kichwa chini, kisha akanivutia kiti.

Kwa hiyo usiniambie ni kazi za wenye nchi. Katika wale kumi na wawili hakuna hata mmoja aliyejua kwa nini kijana anaitazama sakafu. Mimi nilijua na haikusaidia, kwa hiyo kujua peke yake hakutoshi. Ukifika pale, chukua kalamu, andika yanayosemwa, na mtu akitaja glavu, uliza habari za glavu. Karatasi ya swali hupelekwa kwa jaji, unaruhusiwa.

Msalimie Daisy sana. Wasalimie na watoto, ambao hunijibu kwa Kiingereza wakidhani sijui kwamba wameelewa kila neno. Jumapili nitapika wali wa nazi, njooni wote.

Ulisema ile fomu ya kujibu mwito, iliyokuja na barua, iko juu ya friji. Leo, kabla hujaenda zamu, ijaze, itie sahihi, uirudishe.

Dada yako akupendaye,
Marion