Kwa Wakili Wetu, Padre Aliyevua Kofia ya Chuma

Ni mwaka mmoja sasa tangu dereva wako atuletee kofia yako ya chuma, mwanangu. Haina hata mkwaruzo. Hilo ndilo linalonichoma.

Nilikukataza kwenye simu, usiivue. Ukanijibu, "Mama, mtu anayekata roho akiniona na chuma kichwani ataniogopa." Na mimi niliyekuzaa, hofu yangu uliiweka wapi?

Nyumbani tulikuita Wakili, maana yeyote aliyevunja sahani ulimtetea. Upadre haukukubadilisha. Jeshini uliwaungamisha askari mahandakini, ukawazika, ukawapigia simu mama zao. Soksi za sufu nilizokutumia ulizigawa zote, kisha ukaniambia zinakukaa vizuri. Padre mzima, muongo!

Dereva alitusimulia ya siku ile. Askari wa upande wa pili alikuwa amelala nje ya handaki, kajeruhiwa, anamwita mama yake. Kamanda akakuzuia: "Padre, huyo si wetu."

"Basi atakuwa wangu, afande."

Ukavaa shingoni stola yako ya upadre, ukatoka. Ukapiga magoti, ukavua kofia, ukampaka mafuta matakatifu. Kisha ukamburuta hadi handakini. Yeye aliingia. Wewe risasi ilikuwahi ukingoni. Kofia waliikuta kesho yake, pale pale ulipopigia magoti.

Vita vimekwisha. Kijana yule anatembea kwa magongo, na ameomba kuja kwetu baada ya misa yako Jumapili. Baba yako akasema, "Huyo hakanyagi mlango wangu." Mdogo wako akadakia, "Akiingia yeye, natoka mimi." Wiki nzima tumekula bila kusemeshana. Ungekuwepo ungemtetea mpaka chai ipoe. Hupo, kwa hiyo nimesema mimi: anakuja.

Jana nimemkuta baba yako mlangoni na randa lake la useremala, anapunguza kizingiti.

"Unafanya nini, mzee?"

"Mbao imeoza."

Haijaoza. Amekishusha ili magongo yasijikwae.

Tunaokukumbuka ni mimi mama yako, baba yako, dada yako muuguzi na shemeji yako, wapwa zako wawili wanaokugombania kwenye picha, na mdogo wako, ambaye bado amenuna lakini amenisisitiza nisimsahau hapa.

Misa ni Jumapili asubuhi, parokiani kwetu. Baada ya hapo, karibuni nyumbani. Mlango uko wazi.

Hatutakusahau kamwe, Wakili wetu.