Ruhusa ya Baba Rukia

Jumatatu, 9 Machi 1998
Nipo Zhanqian, soko la nguo huku kwa Wachina, tangu asubuhi. Magauni ya kitoto. Laoban wangu, yule mama mwenye duka, kila nikitaja bei anatikisa kichwa. Alasiri nikapiga simu nyumbani Unguja. Mke wangu ataka ruhusa: kesho wanachanja watoto surua, na bila neno la baba hampeleki Rukia. Nikasema hapana. Sindano ile inakata uzazi, wanasema. Nani kasema? akauliza mke wangu. Wanasema tu. Mdogo wangu Sleiman alikuwepo, akachukua simu: na Hamadi wangu je, kaka? Hamadi vilevile.

Ijumaa, 13 Machi
Nimekula na Joseph, mfanyabiashara wa Mwanza. Wanawe wote wamechanjwa, na mkubwa keshamletea mjukuu. Nikambishia. Akanisuta: "We bwana, kadi yako ya homa ya manjano, ulichomwa au ulinunua muhuri?" Nilinunua. Sindano naiogopa toka utotoni. Nikacheka, nikaomba bili.

Jumatano, 18 Machi
Surua imeingia mtaani kwetu Unguja. Kaniambia mwenzetu aliyetua uwanja wa ndege wa Baiyun leo. Yarabi! Rukia ana miaka mitatu. Nimepiga simu mara sita, haishiki.

Alhamisi
Haishiki. Naona upele kwenye kila gauni ninalokagua.

Jumamosi, 21 Machi
Nimempata mke wangu. Nikapiga kelele: mpeleke sasa hivi! Akajibu: "Nilishampeleka, Baba Rukia. Siku ileile ya chanjo. Nilikuogopa, ndiyo maana nikanyamaza." Nikakaa chini palepale kwenye kibanda cha simu. Hasira, haya, furaha, vyote pamoja. Kanivunjia amri yangu. Alhamdulillahi kanivunjia.
Nikauliza Hamadi. Hamadi kalala na surua, leo siku ya nne. Macho hayafunguki.

Jumapili, 29 Machi
Homa imemtoka Hamadi. Jicho la kushoto halioni tena. Mdomo uliponza kichwa, wasema watu. Wangu umeponza jicho la mtoto wa mdogo wangu.
Nimezungumza na Sleiman. Hakunilaumu. "Majaaliwa, kaka." Afadhali angenitukana.
Mkewe karibu kujifungua. Kabla ya kuagana Sleiman akauliza: huyu anayekuja, kaka, achanjwe?
Bado ananiuliza mie.
Nikasema achanjwe. Nikarudi sokoni Liuhua kufunga mzigo.