Dawa ya Uso, na Mzee Aliyengoja Nje

Mama,

Uso umerudi. Nimeanza na hilo kwa sababu wewe ungeanza kuuliza hilo. Zimetokea pale pale pa zamani, kidevuni na chini ya taya, zile chunusi za ndani zisizotoa kichwa, zinazouma hata nikiegemea mto. Kiprono mwanao anasema hazionekani. Anasema hivyo akiwa ameangalia ng'ombe.

Nakuandikia nikiwa mbele ya lile jiko la ukutani ulilolichukia. Unakumbuka watu wetu walipoungana wakanunua hili shamba la mzungu, sisi tukaangukia nyumba ya meneja wake. Wewe ukaingia, ukatazama lile shimo jeusi ukutani, ukasema mtu anayewasha moto ndani ya ukuta hana akili nzuri, ukatoka kwenda kupanga mafiga yako nje. Siku hizi nauwasha kila asubuhi gari la maziwa likishapita. Nyumba imekuwa baridi tangu uende. Sijui kama ni baridi ama ni nini.

Kuna jambo linalonibana roho, na hakuna mwingine wa kumwambia. Kiprono analijua nusu. Wewe ulilijua lote, ukaenda nalo.

Wacha nianze na ile arusi ya jirani, hapa Moiben. Nilikuwa nimebeba kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya lala, niliyoyatengeneza kwa mkono wangu, na majivu nilikuwa nimeyatia vizuri. Yule mama wa kwanza alinitazama usoni, akatazama kibuyu, akasema kiu imeisha. Wa pili naye kiu ikaisha. Wewe ulikuja polepole, ukanipokonya kibuyu, ukafuta mdomo wake kwa leso, ukampa mke wa jirani azungushe. Maziwa yale yale, Mama. Kiu ikawarudia wote.

Njiani hukunihurumia. Ulisema, "Nenda mjini utafute dawa ya uso huo. Na usiniletee sabuni." Kwa sababu sabuni nilikuwa nimezimaliza, na mwarobaini, na majivu, na maziwa ya mgando, na ile krimu ya soko la Soy iliyonichubua nikatoka kama kiazi cha kuchemsha. Nilikuwa mwanamke mzima mwenye mtoto, na uso wa msichana wa darasa la saba. Watu walikuwa na maelezo yao. Wengine ati ni kula mafuta mengi, wengine ati ni wivu. Wengine walimsikitikia Kiprono.

Daktari wa Eldoret alizungumza Kiingereza, na Sista Achieng', yule muuguzi wa kutoka upande wa ziwa anayekaa mtaa wa West Indies, akawa ananigeuzia kwa Kiswahili na kuongeza chumvi yake. Waliniuliza zinazidi lini. Nikasema karibu na siku zangu za mwezi. Daktari akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyepata ng'ombe wake. Akasema shida haiko kwenye sabuni wala kwenye chakula. Kuna homoni mwilini zinazoamsha mafuta ya ngozi, na kwa wanawake wengine hazilali hata wakishazaa. Akanipima presha, akauliza kama ninavuta sigara, kama kichwa huniuma upande mmoja, kama mguu umewahi kunivimba. Halafu akaandika.

Sista alinivuta kando. "Sikiliza vizuri, Mama Chebet. Hivi ni vidonge vya kupanga uzazi. Vinatuliza hizo homoni, uso unatulia. Lakini ukivimeza hutashika mimba. Rudia nisikie." Nikarudia. Akasema nisitegemee muujiza, ni miezi, na mwanzoni uso unaweza hata kuchafuka zaidi. Mguu ukivimba ama kifua kikibana, niache na nije mbio. Na nisimgawie mtu hata kimoja, hata akilia. Akauliza kama mzee wa nyumba anajua.

Kiprono nilimwambia jioni hiyo hiyo. Mtu aliyesimama mbele ya kamati nzima akabishania mpaka wa shamba letu, alinisikiliza, akakuna shingo, akasema, "Fanya unavyoona. Mama tu asijue."

Sote wawili tulijua ni kwa nini. Ni Mzee.

Chebet alipozaliwa, wewe ndiwe uliyeketi na wale akina mama wengine, mtoto magotini, mkitaja majina ya waliotangulia. Mlimtaja Mzee wako, baba yake Kiprono, kwanza. Ukamwekea mtoto tumbaku kidogo karibu na pua ili apige chafya, aonyeshe kwamba ni yeye aliyerudi. Chebet akanyamaza kama karani wa chifu. Mkamtaja tena, na tena. Mpaka mlipochoka mkamtaja mama yake Mzee, ndipo mtoto akapiga chafya mpaka kofia ikaanguka. Mchungaji alikuwa sebuleni anakunywa chai, akajifanya hasikii. Wewe ulicheka na wengine, lakini usiku ule hukula. Tangu hapo ukawa unasema Mzee bado yuko nje. Ulikuwa ukisema tu, ukichambua maharagwe: "Mzee yuko nje, na huku juu kuna baridi." Halafu unanitazama tumbo.

Sasa nifikirie, Mama. Umenituma dawa ya uso, na dawa ya uso ndiyo inayomfungia Mzee mlango.

Nilivificha ndani ya lile jiko la ukutani. Juu kidogo, ukiingiza mkono, kuna kijukwaa cha tofali. Niliona hapo ni salama kuliko benki, kwa sababu wewe hata kulikaribia hukutaka. Kila asubuhi naingiza mkono, natoa kimoja, nakimeza kwa mate. Wiki za kwanza tumbo lilichafuka na uso ukawa mbaya zaidi, nikataka kuvitupa. Baadaye taya ikaanza kulainika. Wewe uliona mapema kuliko Kiprono. Ulinishika kidevu ukapitisha kidole gumba, jinsi unavyopima kama hindi limekauka. "Sabuni gani hii?" Nikasema si sabuni, Mama. Ukaniacha.

Nitakwambia ukweli, niliupenda uso ule. Nilikuwa nikienda Eldoret nasimama mbele ya vioo vya maduka nikijifanya natazama sufuria.

Halafu ikaja ile Julai ya baridi, na kifua chako kikaanza. Nilikuwa barabarani na mitungi ya maziwa nilipogeuka nikaona moshi unatoka kwenye bomba la nyumba. Bomba ambalo halijawahi kutoa moshi tangu mzungu aondoke. Mama, niliacha mitungi hapo hapo. Nilikimbia na gumboti. Nilipoingia ulikuwa umekaa mbele ya moto, leso mabegani, umestarehe kama mwenye nyumba halisi, na ile karatasi yangu ya vidonge iko magotini pako.

"Nilikuwa karibu niichome dawa yako," ulisema. "Ni ya nini?"

"Ya uso, Mama."

Sikudanganya. Ukaigeuza upande huu na upande huu. Herufi hukuzijua, lakini macho yako yalisoma kitu. Ukanirudishia. "Itafutie mahali pengine. Mimi nimeanza kuupenda moto huu."

Nikafikiri nimepona. Mpaka chifu alipoitisha baraza la akina mama. Kulikuja mama mmoja wa afya kutoka mjini, nadhifu, ana mfuko mkubwa. Wewe ulikaa mbele, mimi nyuma yako. Akaeleza habari za uzazi wa mpango, wengine wakainama, wengine wakacheka ndani ya leso. Kisha akaingiza mkono kwenye mfuko, akainua karatasi ya vidonge juu kabisa ili hata walio nyuma waone. Ilikuwa ni ile ile. Vidonge vilivyopangwa vile vile, rangi ile ile.

Nilikitazama kitambaa chako cha kichwa. Nilingoja kigeuke. Hakikugeuka. Ningependa kigeuke, ningejua la kufanya na uso wangu. Mama mmoja akaomba vipitishwe watu washike. Vikakufikia. Ukavishika, ukavigeuza upande huu na upande huu, ukampa jirani.

Njia yote hadi nyumbani ulizungumza habari za kuku. Juma lile, na lililofuata, na hata baada ya mavuno, ukawa unanitazama nikila. Nilikonda. Uso ukawa safi kama sahani na ndani nikawa sina usingizi. Nilijua ukifungua mdomo kwa watu wa ukoo, nimekwisha. Si kwamba ningefukuzwa, siku hizi watu wana kanisa. Ningeletewa mke mwenzangu.

Na kweli akaja Senge kutoka Soy, dada yake Mzee, na kikapu chake na mkongojo ambao hauhitaji. Alikunywa chai yote kwanza. Ndipo akasema kuna msichana kwao, ana adabu, anakamua vizuri, na shamba kubwa namna hii halikununuliwa ili mtoto mmoja wa kike akimbizane humo na mbwa. Kiprono akatazama kikombe chake kana kwamba kuna maandishi ndani. Senge akanigeukia. "Huyu uso wake umepona vizuri. Ila tumbo limefunga. Ama nasema uongo?"

Nilikutazama, Mama. Birika lilikuwa bado mkononi.

Ukaweka kikombe chini. "Tumbo lake halina neno. Mimi ndiye nilimwambia apumzike."

"Wewe? Tangu lini unajua habari za kupumzika?"

"Tangu nizae tisa nikazika wanne, na ndugu yako hakuniambia nipumzike hata mara moja. Ongeza chai, Mama Chebet."

Senge aliondoka kabla ya mvua. Tulikuwa tunaosha vikombe, mimi na wewe. Nilitaka kukushukuru, ukanikatiza.

"Nilikutuma dawa ya uso, ukaniletea ya tumbo."

"Ni hiyo hiyo moja, Mama. Daktari amesema."

Ukafikiri. Ukasuuza kikombe kilichokuwa kimesuuzwa tayari. "Wazungu wana mambo." Halafu ukasema, "Kaa na uso wako mpaka mahindi yajayo. Wafurahishe wale wa kibuyu. Lakini mahindi yakiingia stoo, mlete Mzee ndani. Ahidi." Nikaahidi. Ukanipa kikombe nikipanguse, na hatukusema tena.

Mahindi yalikuwa bado yanatoa ndevu kifua kilipokushinda.

Mazishini niliwazungushia watu kibuyu, Mama. Wote walikunywa. Hakuna aliyefuta mdomo wake. Nilitamani uone, na ndipo nikakumbuka ni kwa nini tulikuwa tumekusanyika, nikaenda nyuma ya stoo nikakaa chini.

Sasa hapa ndipo palipokuwa na mtihani. Ahadi ilikuwa kati yangu na wewe na vikombe. Kiprono hakuisikia. Ningeweza kuendelea na vidonge vyangu mpaka nizeeke na uso wa sahani, na hakuna ambaye angenidai. Nilifikiria hivyo, sitakuficha. Mahindi yakavunwa, yakapukuchuliwa, yakaingia stoo, magunia yakapangwa mpaka dirishani. Nilikuwa napita mbele ya ile stoo nikiangalia upande mwingine. Asubuhi moja nikaingiza mkono mahali nilipovihamishia, na hapo sikwambii, maficho yangu ya kwanza uliyaona, ya pili hukuyaona. Karatasi ilikuwa imekwisha, na nyingine sikwenda kuchukua.

Sista Achieng' alinionya uso unaweza kurudi. Umerudi bila kuchelewa, umeshika adabu ya wageni wa kwetu. Wiki iliyopita Senge alikuja. Nilimpa kibuyu mikono ikiwa baridi, nikangoja kiu yake iishe. Akanitazama kidevu, muda mrefu, akatabasamu mpaka lile pengo likaonekana. "Hii ni mimba," akasema, akanywa, akaomba tena. Ati chunusi ni dalili. Uso ule ule, Mama, juzi ulikuwa ugonjwa, leo ni habari njema. Sikumsahihisha. Na bahati yake, hakukosea. Naona kichefuchefu na harufu ya maziwa tangu mwezi uliopita, na Sista amenipima akasema ndiyo.

Naogopa. Naogopa kuzaa bila mikono yako. Naogopa pia kidogo huu uso, usinicheke. Nimeshamuuliza Sista, akasema nikinyonyesha vidonge vile havifai, nimalize kwanza, ndipo nirudi kwa daktari. Nitarudi. Hilo nakwambia mapema ili usishangae. Nitamleta mtoto kwanza, halafu nitaufuata uso wangu, na mara hii sitaficha kitu ndani ya ukuta.

Kwa hiyo lala, Mama. Jiko lako la nje nimeliacha kama lilivyo, kuku wametagia humo. Ahadi yangu ni ile ile. Siku akina mama watakapoketi na mtoto magotini, nitawaomba wamtaje Mzee kwanza, na wamtaje hata mara nyingi, asiseme tulimruka.

Lakini tumbaku itakuwa ya kile kibati chako. Nimekifunga vizuri, harufu haijatoka. Mzee, nasikia, hakuwahi kuipenda. Akinyamaza mtoto, nitawaambia wajaribu jina lako.

Mimi,
Mama Chebet wako